Vigingi Vilivyoota Majani

Klaudia wa Kyarutare alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka saba, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba nyumba zake zilikuwa kumi na tatu. Alizihesabu mwenyewe, akasema ni kumi, zikawa kumi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Angezaliwa mwanamume pengine angefanywa katibu tarafa, lakini alizaliwa Klaudia, na watu wa Kyarutare waliona hilo linawatosha kabisa.

Kijiji chenyewe kiko upande wa Muleba, juu mwinukoni, pale migomba inapoishia na nyasi za rweya, ile mbuga wazi isiyolimwa, kuanza. Siku hizo mkoa ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, Uhuru ulikuwa na miaka kumi na moja, na barabara ya magari iliishia maili tano chini, kwenye mto. Kilichoingia Kyarutare kilipanda kichwani au begani kwa mtu: chumvi, mafuta ya taa, mabati. Kilichotoka kilishuka vivyo hivyo: kahawa, mikungu ya ndizi, na mara moja kila mwezi, mume wa Klaudia.

Mumewe aliitwa Mushumbusi. Mwaka mmoja wakati wa mavuno alipanda juu ya mbuni wa zamani, mmoja wa ile mibuni mirefu ya kahawa aliyoiacha babu yake, tawi likamvunjikia akaanguka nalo. Mfupa wa mguu uliunga vibaya, kidonda kikawa kinafunga na kufunguka. Daktari wa hospitali ya misheni alimwambia waziwazi: uje kila mwezi nikuone, ukikosa miezi miwili nitaukata. Basi kila mwezi vijana walimlaza kwenye engozi, kile kitanda cha fito cha kubebea wagonjwa, wakateremka naye mlimani huku wakimlalamikia unene wake.

"Mtu hubebwa mara moja tu, siku ya kuzikwa," Mushumbusi alikuwa akiwaambia. "Mimi mmenibeba mara kumi na nne. Siku yenyewe ikifika nitakuwa nimeizoea njia."

Walicheka, lakini vijana walikuwa wanapungua. Huyu kaenda Mwanza, yule kapata kazi mjini Bukoba, na wale kumi wa engozi wakabaki sita. Ndipo ikaja barua ya Jovitha, binti yao aliyeolewa Rwamishenye, pale Bukoba mjini. Baba aje akae kwangu, aliandika, hospitali ya mjini naiona kutoka dirishani.

Barua hiyo ilikaa mezani wiki nzima na hakuna aliyeigusa. Klaudia asingeweza kwenda naye. Kibanja cha migomba kikikosa mtu mwaka mmoja kinageuka pori, na katika kibanja chao walizikwa baba na mama wa Mushumbusi na mtoto wao mmoja. Mmoja angekwenda na mmoja angebaki. Walikuwa wameoana miaka ishirini na tisa.

"Tungoje barabara," alisema Mushumbusi mwishowe. "Serikali imesema inakuja. Ikifika Agosti ya mwakani haijaja, Mama Jovitha, nitakwenda. Sitaki kukatwa mguu na sitaki kuwavunja hawa vijana migongo."

Na kweli Serikali ilikuwa imesema. Mkoa ulitangaza mpango wa barabara za vijijini: kijiji kitakachotoa njia bila ugomvi, kikafyeka na kuchimba mitaro kwa kujitolea, kitaletewa greda. Kyarutare walifyeka wiki mbili. Mwezi wa Juni akapanda mpimaji, mtu wa Dodoma, mrefu, mpole, mwenye kofia ya jua na ramani iliyokunjwa mara nyingi mno. Jina lake lilikuwapo, bila shaka, lakini kijiji kizima kilimwita Bwana Barabara, na yeye akaitika.

Bwana Barabara alikuwa na kamba, rangi nyekundu na wasaidizi wawili, ila vigingi vilikuwa vimemwishia huko alikotoka.

"Mama Balozi," alisema, "naomba vigingi mia moja na ishirini. Vinyofu, virefu kama mkono, visivyoliwa na mchwa. Leo hii hii."

"Vigingi tu?" aliuliza Klaudia. Kwa furaha aliyokuwa nayo angempa hata nguzo za nyumba. Akachukua panga, akaita wanawake wanne, na kabla jua halijapanda sana vigingi vilikuwa vimerundikwa miguuni pa Bwana Barabara, vinyofu kama alivyotaka. Wasaidizi wakavichonga ncha, wakavipaka rangi kichwani, wakavigongelea katikati ya njia kuanzia mashamba ya kwanza ya kijiji hadi kanisani.

Klaudia alikuwa amevikata kwenye mulamula.

Sasa, mulamula ni mti wa mpaka. Uhayani kote shamba la mtu huishia pale mulamula uliposimama, na ukiwa hai hakuna la kubishana. Hupandwa mbele ya mashahidi. Anayeung'oa peke yake ni mwizi wa ardhi, na atatajwa hivyo hata wajukuu wake watakapokuwa wanaposa. Klaudia mwenyewe, kwa cheo chake cha ubalozi, aliwahi kumsimamisha mzee mzima mbele ya baraza kwa sababu ya mulamula mmoja tu. Na jambo jingine: kipande cha mulamula ukikichomeka ardhini, kinaota. Hilo kila mtoto wa Kyarutare analijua. Lakini ukimwambia mtu wa Kyarutare alete mti wa kuweka alama kwenye ardhi, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye mulamula. Wanawake wote wanne waliona anachokata, na kijiji kizima kiliona kinachogongelewa, na wote wakaona sawa.

"Greda litafika baada ya miezi miwili," alisema Bwana Barabara, akashuka zake.

Greda lilifika baada ya miezi kumi na tatu. Kwanza lilikuwa Karagwe, halafu likaharibika, halafu kipuri kikawa kiko njiani kutoka Dar es Salaam, na kipuri kilicho njiani kutoka Dar es Salaam ni kitu cha kukiombea. Mvua za vuli zikanyesha, zikanyesha na za masika, na mvua za kule si za mchezo. Vigingi vikapasua rangi nyekundu vikatoa majani. Kufikia Pasaka vilikuwa mstari mzuri wa milamula michanga, kijani kibichi, iliyopanda mlima kwa nidhamu kama watoto wa shule.

Watu waliutazama mstari huo wakaanza kuuheshimu, na hakuna waliouheshimu zaidi ya Protase na Clavery. Wawili hawa walipakana katikati ya kijiji na walikuwa wakigombania mpaka wao kwa miaka kumi na moja. Walishapelekana kwa balozi, kwa katibu kata, na mara moja kwa padri, ambaye alikimbilia sakristia. Vigingi vya Serikali vilipita hapohapo walipokuwa wakigombana. Vilipoota, Protase alilima maharage mpaka kwenye vigingi akaishia hapo. Clavery naye akalima viazi upande wake akaishia hapo. Siku moja Klaudia aliwaona wakisalimiana, akasimama njiani akajiuliza kama anaumwa homa.

Greda likapanda Alhamisi moja ya Julai mwaka 1973. Walilisikia tangu mtoni. Shule ikafungwa bila mwalimu kuulizwa, wanaume wakaja na majembe, wanawake wakaja na vigelegele. Mushumbusi alikuwa ameketi kwenye kigoda langoni pake katika kanzu nyeupe, na pembeni yake lilikuwapo sanduku la mbao lenye nguo zake, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku tano Agosti ifike.

Dereva wa greda alifika kwenye kigingi cha kwanza, karibu na lango hilo, akasimama. Akateremka, akakizunguka.

"Ng'oeni hii miti nipite," alisema.

Mtu mmoja akakohoa. Watu wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu.

Bwana Barabara alikuja nyuma na Landrova, akauliza kulikoni, akaambiwa, hakuamini. "Mama Balozi! Watu mia mbili wazima, wana majembe mkononi, hakuna anayeweza kung'oa kijiti?"

"Kijiti wanaweza, waitu," alisema Klaudia kwa heshima. "Hicho si kijiti."

"Si kijiti, ni nini? Ni kigingi changu. Kina rangi yangu!" Akainama akishike. Watu mia mbili wakavuta pumzi kwa pamoja, na Klaudia akamrukia akamdaka mkono.

"Usiguse! Ukiung'oa peke yako hutapata wa kukupa hata maji katika kijiji hiki, na mimi balozi nitalazimika kukushitaki."

Bwana Barabara alivua kofia akajifuta jasho. Alikuwa mtu mpole, lakini hata wapole wana mwisho wao. Alisema mashine ni ya mkoa mzima. Alisema Jumamosi jioni, barabara iwepo isiwepo, greda linateremka kwenda kijiji kingine. "Na likishateremka, Mama, halipandi tena mpaka mwakani, kama vipuri vitapatikana. Je, niandike kwamba Kyarutare wamekataa maendeleo?"

Klaudia alimtazama mumewe pale langoni. Mushumbusi, ambaye hakukosa neno hata kwenye mazishi, hakusema kitu. Alikuwa ameweka mkono juu ya sanduku lake. Klaudia aliona aibu. Mwaka mzima alikuwa akiisubiri barabara hii kuliko mtu yeyote, na aliyeiziba alikuwa yeye mwenyewe, kwa panga lake, huku akishangilia.

"Kosa ni langu," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Nilikata mulamula. Mimi nilidhani natia alama, kumbe napanda mpaka."

"Sote tuliona, Mae, mama yetu," alisema Kokubanza, mmoja wa wale wanawake wanne. "Hatukusema."

Hilo lilimpa moyo, ila halikung'oa kitu. Akawaendea Protase na Clavery, maana alijua hao wakikubali wengine watafuata.

"Siwezi," alisema Protase. "Miti hii ikitoka, huyu ataanza tena."

"Nani ataanza?" alisema Clavery. "Wewe ndiye uliyeanza, mwaka wa sitini na moja. Lakini kuhusu miti nakuunga mkono. Isiguswe."

Miaka kumi na moja walikuwa hawajakubaliana juu ya lolote, na siku waliyoamua kukubaliana ikawa hiyo. Klaudia alitamani kuwagonganisha vichwa.

Badala yake akakaa chini, palepale njiani, akashika tama. Mpaka unaweza kuhamishwa, aliwaza. Yeye mwenyewe ameshahamisha mitatu. Majirani wawili hukubaliana mbele ya mashahidi, hutafuna kahawa pamoja, kisha huung'oa kwa mikono yao wote wawili na kuupanda upya mahali walipopatana. Shida ilikuwa hii ya Protase na Clavery: mti mmoja hauwezi kusimama kando zote mbili za barabara. Lakini kwa nini usiweze? Si unakatwa vipande viwili na vyote vinaota? Hapo Protase atakuwa na mpaka wake na Clavery atakuwa na wake, na katikati yao...

Akainuka ghafla. "Bwana Barabara! Barabara ikishapita, ardhi hii ya katikati itakuwa ya nani?"

"Ya Serikali."

"Basi jirani wa Protase si Clavery tena. Ni Serikali. Na jirani wa Clavery ni Serikali. Na Serikali hapa ni nani?"

Bwana Barabara akatazama nyuma yake, kama vile kuna mtu mwingine aliyesimama pale.

"Vua viatu," alisema Klaudia. "Karibu ndani."

Nyumba ya Klaudia ilikuwa imetandikwa nyasi mpya sakafuni, laini, zenye kunukia rweya, na hakuna aliyezikanyaga na viatu hata awe nani. Serikali ikavua buti, na kijiji kikaona kwamba soksi ya Serikali ina tundu kwenye dole gumba. Akakaa chini kati ya Protase na Clavery. Mushumbusi akasaidiwa kuingia, akawa shahidi wa kwanza. Kokubanza akaleta kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu nzuri kisha ikaanikwa, akampelekea mgeni kwa mikono miwili.

"Naimeza?" alinong'ona Bwana Barabara.

"Itafune," alisema Mushumbusi, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Ni chungu kidogo, lakini afadhali kuliko chai ya ofisini kwenu."

Akatafuna. Uso wake ulipita katika hali kadhaa, kisha ukatulia, akachukua punje ya pili bila kuambiwa, na nyumba nzima ikaguna kwa kuridhika. Likaja buyu la pombe ya ndizi, orubisi, lenye mrija.

"Niko kazini," alisema.

"Hata sisi," alisema Klaudia.

Akanywa. Kisha akafungua daftari, akapiga hesabu, akasema kwa sauti ya kiofisi kwamba Serikali inakubali kupakana na ndugu Protase upande huu na ndugu Clavery upande ule, kwa upana wa hatua kumi na mbili, na haitazidi hapo.

"Na ikizidi?" aliuliza Protase, ambaye hakuwa mtu wa kuachia jambo hivihivi.

"Nishitaki kwa Mama Balozi," alisema Bwana Barabara. "Nimeona anavyofanya kazi."

Wakatoka nje. Protase, Clavery na Bwana Barabara wakaushika mulamula wao wa kwanza kwa pamoja, wakauvuta, ukatoka na mizizi na udongo wake. Klaudia akaukata katikati. Nusu moja akaichomeka upande wa Protase, nusu ya pili upande wa Clavery. Hapo ndipo kijiji kilipopiga kelele. Kila mwenye shamba njiani alitaka Bwana Barabara aje aushike mti wake, kwa kuwa hakuna aliyetaka mpaka wa kubahatisha, na yule mtu wa Dodoma akapanda mlima wote huo akishikana mikono na kung'oa miti, akitafuna kahawa shavuni. Nyumba nne zilimkaribisha tena ndani. Kufikia kigingi cha themanini hakuwa anatembea kwa mstari alioupima.

Walimaliza Ijumaa adhuhuri. Greda likaingia mchana huohuo, likakwangua na kusukuma, na Jumamosi jua lilipokuwa likikaribia kutua lilikuwa limefika kanisani na kugeuza. Wiki iliyofuata Bwana Misitu alipita kukagua agizo la kupanda miti kandokando ya barabara mpya ili kuzuia udongo kuporomoka. Akaikuta tayari imepandwa, pande zote mbili, mia mbili na arobaini, akaandika Kyarutare ni kijiji cha mfano. Hakuna aliyemsahihisha.

Lori la ushirika lilipanda Jumanne kuchukua kahawa, na Mushumbusi akakaa mbele na dereva. Alikuwa anakwenda kumwona daktari wa mjini, halafu kwa Jovitha. Sanduku alilipakia vilevile. "Huwezi kujua daktari atasema nini," alisema, na Klaudia akajibu, "Ni kweli, huwezi kujua." Lori likashuka.

Siku hiyo Klaudia hakufanya kazi yoyote ya maana. Alipalilia mgomba mmoja mara mbili. Barabara ilikuwa imekuja, na yeye ndiye aliyeipigania, lakini sasa aliiona kwa jicho jingine: njia nzuri, pana, inayoteremka moja kwa moja hadi mahali penye umeme, daktari wa karibu na binti anayepika vizuri kuliko mama yake. Kwa nini mtu mwenye mguu mbovu apande tena mlima? Alipika ndizi, akazifunika. Hakujua amepika za mtu mmoja au za wawili.

Saa kumi na moja jioni alisikia lori. Alitoka mbio hadi langoni. Mushumbusi aliteremka polepole, akiwa amemshika dereva bega, sanduku likateremshwa nyuma yake.

"Daktari anasema mguu unapona," alisema. "Kila mwezi, kama kawaida. Jovitha anakusalimu. Alinitandikia kitanda chenye godoro la sponji, na kuna bomba la maji uani."

"Nilidhani hutarudi," alisema Klaudia.

"Hata mimi nilidhani nitaona raha kule. Nilikaa saa moja na nusu."

"Saa moja na nusu tu? Kwa mtoto wako?"

"Saa moja nilikaa kwa mtoto wangu," alisema Mushumbusi. "Ile nusu nilikuwa nimesimama barabarani nangoja lori."

Klaudia alilia palepale langoni, mbele ya dereva na mbele ya nyumba zake kumi zote, na hakujificha. Kisha akalibeba sanduku kichwani, akamshika mumewe mkono, wakaingia ndani kula.